Jangwa la Upepo na Jangwa la Kompyuta

Kijana mmoja wa hapa mjini aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa neno moja. Alikuwa ametoka kutazama ile filamu ya Dune ya mwaka 2021, ambayo ndani yake watu wanatembea usiku juu ya milima ya mchanga isiyo na mwisho, akataka kujua: mzee, jangwa lile ni la kweli au ni la kompyuta? Nikamjibu kuwa ni la kweli na ni la kompyuta pia. Akanitazama kama abiria aliyepunjwa chenji.

Jibu langu lilikuwa sahihi. Watengenezaji wa filamu ile walikwenda Wadi Rum huko Jordan, wakaenda na kwenye mchanga wa Abu Dhabi, wakapiga picha za jangwa halisi. Kisha mafundi wa kompyuta wakaongeza mchanga mahali ambapo haukuwapo, na kuunganisha kipande hiki na kile hata jicho lisione mshono. Mwaka 2022 mafundi hao walipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Basi leo nataka tuzungumze historia ya jambo hili, yaani jinsi wanadamu walivyojifunza kutengeneza jangwa ndani ya kompyuta. Najua wapo watakaosema: sisi tuna shida ya maji na nauli, jangwa la kompyuta latuhusu nini? Latuhusu sana. Wengi wetu tunaoishi mijini hatujakanyaga jangwa hata siku moja. Tukilisikia neno hilo, kinachotujia kichwani ni picha iliyotengenezwa na mtu mwingine, na mwenye kutengeneza picha ndiye anayeamua nini kimo na nini hakimo.

Zamani kazi hii ilikuwa ya brashi. Wale wenye umri wangu wanakumbuka studio za picha za mjini, zenye pazia lililochorwa ukutani: kuna bahari, mnazi mmoja, ndege ya abiria juu, na wewe umesimama mbele na suti ya kuazima. Hollywood nayo ilikuwa na mapazia yake, makubwa zaidi na yaliyochorwa kwa ustadi zaidi, lakini mapazia. Asiyetaka pazia alilazimika kusafiri. Mwongozaji David Lean alipotengeneza filamu ya Lawrence of Arabia, iliyotoka mwaka 1962, alihamisha kamera, ngamia na watu hadi Jordan, kisha Morocco na Hispania. Na mchanga halisi una taabu zake. Ngamia akishapita, nyayo zimebaki, na kama mwongozaji anataka kurudia tukio hilo inabidi uso wote wa mchanga ulainishwe au ahamie mahali pengine.

Kompyuta ilipoingia katika kazi hii haikuanza na mchanga. Ilianza na mlima, na sababu yake inafaa tuielewe, kwa maana ndiyo inayobeba hadithi nzima.

Kompyuta haijui mlima ni nini. Inajua namba tu. Chukua ubao wa drafti, lakini badala ya miraba 64 uwe na miraba milioni moja, na katika kila mraba andika namba inayoonyesha kimo cha ardhi mahali pale: hapa mita 12, hapa mita 13, pale mita 40. Hiyo ndiyo sura ya nchi kwa lugha ya kompyuta. Kisha programu inaulizwa: mtu akisimama hapa na jua likiwa kule, ataona nini? Inapiga hesabu ya kila nukta ya picha, mwanga unafikia wapi na kivuli kinaangukia wapi, inatoa picha. Shida haikuwa kuchora. Shida ilikuwa nani atakayeziandika namba zile milioni moja.

Hapo ndipo anapoingia Benoit Mandelbrot, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Warsaw mwaka 1924, akakulia Ufaransa, na baadaye akafanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Mwaka 1967 alichapisha makala yenye swali la kitoto: pwani ya Uingereza ina urefu gani? Jibu lake lilikuwa kwamba inategemea kijiti cha kupimia. Ukipima kwa kijiti kirefu unaruka vighuba vidogo, ukipima kwa kifupi unaviingia vyote na urefu unazidi. Kila ukisogea karibu unakuta mikunjo mingine inayofanana na ile ya mwanzo. Vitu vya namna hiyo akaviita fraktali. Mlima ni hivyo hivyo: jiwe moja la mlimani, ukilitazama kwa karibu, lina sura ya mlima mzima.

Kitabu chake cha mwaka 1977 kilimfikia Loren Carpenter, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha ndege cha Boeing. Carpenter akagundua njia rahisi ya kuitumia fikra ile. Unachora pembetatu chache. Kila upande wa pembetatu unauvunja katikati, na pale katikati unapapandisha au kupashusha kidogo kwa bahati nasibu, kama mtu arushaye dadu. Sasa una pembetatu nyingi zaidi, na zile nazo unazifanyia hivyo hivyo, ila mara hii unapandisha na kushusha kwa kiasi kidogo zaidi. Ukirudia mara nyingi, milima inajitokeza yenyewe, na hakuna mtu aliyeketi kuandika namba. Mwaka 1980, katika mkutano wa wataalamu wa picha za kompyuta uliofanyika Seattle, alionyesha filamu yake ya dakika mbili iitwayo Vol Libre, ambamo mtazamaji anaruka kama ndege juu ya milima isiyopatikana popote duniani. Baada ya hapo aliajiriwa na kampuni ya Lucasfilm, na mwaka 1982 milima ya namna ile ikaonekana katika filamu ya Star Trek II, sayari kavu ikigeuka kuwa hai mbele ya macho ya watu. Kikundi kile cha mafundi ndicho kilichokuja kuwa Pixar mwaka 1986.

Wakati huo huo Ken Perlin, aliyekuwa ameshiriki katika filamu ya Tron ya mwaka 1982, alikuwa amechoshwa na picha za kompyuta zenye uso laini kama plastiki. Akabuni hesabu ya kuchafua uso wa vitu kwa utaratibu, ionekane marmari au wingu au udongo, na uvumbuzi huo akauita kelele. Jina limemfaa. Kelele ile imo katika karibu kila mwamba na kila wingu la kompyuta tunaloliona leo, na mwaka 1997 Perlin alipewa tuzo ya Oscar ya ufundi kwa ajili yake.

Naam, kukawa na milima, mawingu na miamba. Mwaka 1994 ikatoka programu iitwayo Bryce, iliyobuniwa na Mfaransa Eric Wenger pamoja na Mjerumani Kai Krause. Mtu wa kawaida mwenye kompyuta ya Macintosh nyumbani aliweza kuumba nchi yake mwenyewe, akaiacha mashine ikipiga hesabu usiku kucha, asubuhi akakuta picha. Programu hiyo ina jina la Bryce Canyon, makorongo mekundu ya Utah huko Marekani, na wengi walioinunua walianza kutengeneza nchi kame yenye miamba. Sababu ni nyepesi. Nchi yenye majani inataka majani, na jani moja moja ni kazi kubwa kwa mashine. Nchi kame inataka mwamba, anga na jua. Jangwa lilipendwa kwa vile lilikuwa rahisi kulitengeneza. Lakini hilo ni jangwa la mawe. Waliotaka mchanga walikwama.

Mchanga ulikataa. Waliochukua hesabu ya Carpenter au kelele ya Perlin na kuipaka rangi ya njano walipata milima ya mawe iliyopakwa rangi ya njano, basi. Wengine walilainisha namba zao wakapata kitu kama shuka lililokunjamana kitandani. Mtoto wa Gao au wa Kufra angecheka.

Kwa nini? Kwa sababu mchanga si fraktali. Mlima unafanana na kipande chake, lakini mchanga una saizi zake maalumu. Kuna viwimbi vidogo vya juu, ambavyo kutoka kimoja hadi kingine ni kama upana wa kiganja. Kuna matuta yenyewe, ya mita kumi au mia. Katika majangwa makubwa kuna na milima ya mchanga, ambayo kutoka mmoja hadi mwingine ni kilometa nzima au zaidi. Katikati ya saizi hizo hakuna kitu. Tena mchanga una mbele na nyuma. Mabaharia wetu wa mwambao wanajua joshini na demani, upande unaopokea upepo na upande uliokingwa nao. Tuta la mchanga lina joshini yake, inayopanda taratibu, na demani yake, inayoporomoka kwa mwinuko wa nyuzi 30 na kitu hivi, kwa sababu mchanga mkavu hauwezi kusimama wima kuliko hapo. Zinapokutana pande hizo mbili panakuwa na ukingo mkali kama wa panga. Bahati nasibu ya dadu haiwezi kutoa ukingo ule, maana ukingo ule ni kazi ya upepo.

Na kazi ya upepo ilikuwa imekwisha kuelezwa zamani, mwaka 1941, na mtu aliyeiandika kabla ya kompyuta hizi kuwapo. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Ralph Bagnold alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, mhandisi, aliyezaliwa mwaka 1896. Alipokuwa Misri katika miaka ya 1920 alishikwa na ugonjwa wa jangwa. Yeye na wenzake, kwa fedha zao wenyewe, wakati wa likizo, walichukua magari ya Ford na kuingia katika Jangwa la Libya mahali ambapo wengi waliamini gari haliwezi kupita. Walijifunza kutoa upepo kwenye matairi ili gari lielee juu ya mchanga. Walibuni dira ya jua, maana dira ya kawaida huchanganywa na chuma cha gari. Wengine hapo wangeandika kitabu cha safari na kuishia, na kwa kweli Bagnold alikiandika. Lakini alikuwa na swali lililomsumbua: kwa nini mchanga, badala ya kutawanyika kama vumbi, unajikusanya na kujenga kitu chenye umbo safi, kinachotembea bila kupoteza umbo lake?

Alipostaafu mwaka 1935 alirudi Uingereza akatengeneza bomba la upepo kwa mbao na kioo, akaumwaga mchanga ndani, akawasha feni, akaketi kutazama. Akaona kwamba chembe ya mchanga hairuki angani kama vumbi wala haiburuzwi chini tu. Inadunda. Upepo unaiinua kidogo, inasukumwa mbele, inaanguka, na inapoanguka inazigonga nyingine nazo zinaruka. Ikianguka juu ya mwamba mgumu inadunda vizuri na kwenda zake, ikianguka juu ya mchanga mwenzake inazama na kubaki. Ndiyo maana mchanga huvuta mchanga. Tuta likishaanza linajilisha. Na akapata kanuni kwamba kasi ya upepo juu ya mchanga ikizidi mara mbili, mchanga unaosafirishwa unazidi mara nane. Haba na haba hapa inajaza zaidi ya kibaba.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1941, wakati mwenyewe amekwisha rudi vitani Misri, ambako mwaka 1940 aliunda kikosi cha magari cha kupenya jangwani nyuma ya majeshi ya Italia. Vita vilikwisha, kitabu kikabaki. Chombo cha Mariner 9 kilipofika sayari ya Mars mwishoni mwa mwaka 1971 na baadaye kutuma picha za matuta ya mchanga kule, wanasayansi walirudi kwa mzee huyo, na mwaka 1977 shirika la NASA lilimwita kuzungumza katika mkutano wa kulinganisha majangwa ya dunia na ya Mars. Alifariki mwaka 1990. Leo kuna matuta huko Mars yenye jina la Bagnold, na gari la Curiosity liliyafikia mwaka 2015.

Mwaka huo wa 1990 hakuna aliyekuwa ameigeuza kazi yake kuwa picha ya kompyuta ya kuridhisha. Miaka mitano baadaye, mwaka 1995, Mmarekani aitwaye Werner alichapisha makala fupi katika jarida la jiolojia. Alirudi kwenye ubao wa drafti, ila badala ya kuandika vimo alipanga vigae vya mchanga. Kompyuta inachagua kigae kimoja kwa bahati nasibu, inakiinua, inakisogeza hatua kadhaa kufuata upepo, inakitua. Kikitua juu ya mchanga, uwezekano wa kubaki ni mkubwa. Kikitua juu ya ardhi tupu, uwezekano ni mdogo. Kikiangukia kwenye kivuli cha upepo nyuma ya tuta, kinabaki hapo. Mwinuko ukizidi kiasi, mchanga unaporomoka. Basi, hakuna zaidi. Hakumwambia mtu achore tuta. Lakini ukiiacha programu ile ifanye kazi, matuta yanazaliwa. Upepo wa upande mmoja na mchanga mchache hutoa tuta la umbo la mwezi mwandamo, pembe zake zikielekea uendako upepo. Mchanga ukiwa mwingi hutoka mistari iliyokingama kama mawimbi. Upepo ukigeuka huku na huku hutoka matuta marefu kama upanga, na ukivuma kutoka kila upande hutoka matuta ya umbo la nyota. Yote haya yapo duniani, na Bagnold alikuwa ameyaeleza baadhi yake.

Tuta la mwezi mwandamo mnaweza kwenda kuliona wenyewe, tena bila kupanda ndege ya kwenda Sahara. Liko Tanzania, karibu na Bonde la Olduvai, katika eneo la Ngorongoro. Wageni hupelekwa kulitazama. Ni jeusi, kwa kuwa ni majivu ya volkano, na linatembea mita kumi na kitu kwa mwaka kuelekea magharibi, peke yake katika mbuga, likiwa limeshika umbo lake. Programu nyingi za kutengeneza nchi zinakupa mchanga wa njano tangu mwanzo, kana kwamba Mungu alikuwa na kopo moja tu la rangi. Namib ni wekundu kwa sababu ya kutu ya chuma iliyozipaka chembe zake, na hili letu ni jeusi.

Tangu hapo maendeleo yalikuwa ya haraka. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Japani, Onoue na Nishita, walionyesha njia ya kuchora matuta pamoja na viwimbi vyake vya juu. Mwaka 2019 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa, Paris na wenzake, walichapisha mbinu inayochukua kanuni za Werner na kuzipanua hadi kwenye nchi nzima ya jangwa: upepo unabadilika kulingana na ardhi, majani yanashika mchanga, mwamba unasuguliwa. Mchora picha anaketi mezani na kuelekeza upepo badala ya kuchora tuta. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti ya picha ya zamani na ya sasa. Fundi ameacha kuiga sura, anaiga sababu.

Lakini sijamaliza, kwa sababu kuna sababu mbili ambazo programu hizi bado zinazisahau mara nyingi.

Ya kwanza ni maji. Sahara yenyewe, mama wa majangwa, ni mchanga kwa kiasi cha robo tu hivi. Sehemu kubwa ni changarawe, mawe na milima, na mikono iliyoichonga ni ya maji. Mwaka 1981 chombo cha anga Columbia kilibeba rada iliyopita juu ya mpaka wa Misri na Sudan, mahali ambapo mtu akisimama haoni kitu ila mchanga bapa. Mawimbi ya rada yalipenya ule mchanga mkavu, na picha zilipotolewa zikaonyesha mabonde ya mito mikubwa ya kale yaliyofukiwa chini. Hapa kwetu Afrika Mashariki, nendeni Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Asiyeijua atatarajia matuta. Atakuta sakafu ya ziwa lililokauka, ngumu, yenye chumvi inayong'aa, na mvua kubwa zikinyesha inageuka kuwa ziwa tena, la kina kifupi. Mtaalamu Ken Musgrave, mwanafunzi wa Mandelbrot, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 1989 jinsi ya kuiachia mvua ya kompyuta ichonge milima ya fraktali, kwa hiyo uwezo upo. Ila mnunuzi wa picha anataka matuta na ngamia, na anapewa matuta na ngamia.

Ya pili ni watu. Jangwa la kompyuta huzaliwa tupu. Mashine inaumba ardhi na anga, na mtu ni mzigo wa ziada anayeongezwa baadaye kama kuna haja. Tazameni picha hizo: hakuna njia, hakuna kisima, hakuna jiwe lililowekwa na mtu kuonyesha njia ya kisima. Pembezoni mwa Chalbi kuna Kalacha, Maikona na North Horr, na Wagabra wanaonywesha ngamia wao katika visima vya huko wanaijua nchi ile kama ninyi mnavyojua vituo vya daladala.

Wala kosa hili halikuanza na kompyuta. Wakati ule ule Bagnold na wenzake walipokuwa wakizunguka na magari yao katika Jangwa la Libya, ambalo ramani za Ulaya zililionyesha kuwa karatasi nyeupe, watu walikuwa wakifa ndani yake. Januari 1931 majeshi ya Italia yaliuteka mji wa Kufra. Familia zilikimbia na ngamia wachache, wakaelekea kwenye mchanga ule uliosemekana hauna mtu, wengine kuelekea Uweinat, wengine wakijaribu kuufikia mji wa Dakhla huko Misri, mamia ya kilometa bila maji. Wengi hawakufika. Pat Clayton, mpima ardhi wa serikali ya Misri aliyekuwa kazini kule jangwani, aliwakuta baadhi yao na kuwaokoa. Karatasi ilikuwa nyeupe kwa aliyeichora tu.

Na karatasi ikiwa nyeupe, wa kwanza kutaka kuijaza huwa ni jeshi. Ramani za vimo za kompyuta hazikubuniwa kwa ajili ya filamu. Makombora ya Tomahawk yaliyorushwa Iraki Januari 1991 yalikuwa yamebeba ndani yake namba za vimo vya ardhi. Kombora lilipima ardhi iliyo chini yake, likalinganisha na namba zake, likajua lilipo. Utaratibu huo unataka nchi yenye mabonde na milima. Juu ya jangwa bapa kombora halina cha kulinganisha, linapotea kama mgeni yeyote.

Mwezi Februari 2000 chombo cha Endeavour kiliruka kwa siku 11 kikiwa na mlingoti wa mita 60 wenye rada ya pili kwenye ncha, kikapima vimo vya asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia, kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini. Kazi hiyo iliendeshwa na NASA pamoja na idara ya ramani ya jeshi la Marekani. Vipimo vya nchi yao wenyewe vilitolewa kwa umma kwa hatua ya mita 30. Sisi wengine tulipewa kwa hatua ya mita 90, yaani mraba mmoja wa drafti ulimeza mtaa mzima. Anayetaka kujua maji ya mvua yatapita wapi, au korongo liko wapi hasa, alipewa picha yenye ukungu, ingawa picha safi ya nchi yake ilikuwa tayari kwenye kabati la mtu mwingine. Hadi mwaka 2014 ndipo ilipotangazwa kwamba vipimo vya mita 30 vitafunguliwa kwa wote, na Afrika ikawa ya kwanza kufunguliwa. Miaka 14. Sasa kila mtu anaweza kuvichukua bila malipo, mpima mafuriko na mtengeneza michezo ya kompyuta sawia.

Yule kijana, nilipomweleza hadi hapa, aliniuliza kama basi leo angeweza kuchukua namba hizo na kutengeneza Sahara yenyewe, si ya kubuni. Anaweza, kwa sehemu kubwa. Ila ajue jambo moja. Mchanga mkavu haurudishi vizuri mawimbi ya rada, na Endeavour ilipopita juu ya bahari za mchanga, kuna mahali haikupata jibu lolote. Vipimo vilirudi na matundu. Baadaye matundu hayo yalizibwa, mengine kwa picha za vyombo vingine, mengine kwa kompyuta kutazama vimo vya kandokando na kukisia vya katikati. Kwenye kioo huwezi kuona ni wapi ardhi ilipimwa na ni wapi ilikisiwa.